Mashua ya Nchi Kavu

Reli inayopita Mutshatsha ilijengwa ili shaba ya Katanga ipate njia ya kwenda baharini. Mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela mpakani mwa Angola, na tangu hapo, kwenye ramani, mji wetu ni kituo kati ya machimbo ya Kolwezi na bandari ya Lobito. Kwa miaka mingi ilikuwa kwenye ramani tu. Vita vya Angola viliikata njia mwaka 1975. Mwaka 1977 vita vikafika hapa: waasi wa FNLC kutoka Angola waliichukua Mutshatsha mwezi Machi, na mwezi Aprili jeshi la Zaire, ndiyo Kongo ya leo, likairudisha kwa msaada wa askari wa Moroko. Ilipita miongo minne kabla mabehewa yenye madini ya Katanga hayajaanza tena kushuka kuelekea Lobito, mwaka 2018. Kutoka mpakani peke yake hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1300. Wengi niliokua nao wameishi maisha yao yote kando ya njia ya bahari bila kuitia bahari machoni.

Ndiyo maana watoto wanaosimama mlangoni pa karakana yangu ya modeli za mashua wana swali lao. Hutazama mlingoti mwembamba, hutazama mbao zilizopindwa kwa mvuke na kubanwa kwa vibanio vya nguo, kisha mmoja wao husema: "Papa, mayi yake iko wapi?" Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile ninalowapa nikiwa na gundi vidoleni.

Binadamu wameunda vyombo vidogo tangu zamani. Katika kaburi la Meketre, ofisa mkuu wa Misri aliyeishi yapata miaka 4000 iliyopita, ziliwekwa mashua za mbao zenye milingoti, makasia na mabaharia wake, ili asikose usafiri huko alikokwenda. Katika karne ya 17 Waingereza waliunda modeli za manowari zao na kuacha sehemu ya chini wazi, mataruma yakionekana yote. Na katika kisiwa cha Morisi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, karakana nzima zimeishi kwa kazi hii, wanaume na wanawake wakifunga kamba za merikebu ambazo babu zao walizijua kwa mateso. Naiheshimu kazi ya mikono hiyo. Lakini nikitazama vyombo vinavyochongwa zaidi duniani, naona manowari na merikebu za biashara za Ulaya, zimekaa juu ya nguzo mbili za shaba ya manjano, matanga yamefumuka, bendera zinapepea, na sitaha tupu. Misri waliweka mabaharia. Sisi tumewaondoa.

Chombo cha kwanza nilichotaka kukijua mpaka ndani ni mtepe. Mafundi wa Lamu na visiwa vya Wabajuni waliunda mtepe bila msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kingoni na kushonwa kwa kamba za usumba, vigingi vya mti vikazishika zisiteleze, matundu yakazibwa. Mwili wa chombo ulisimama kwanza, ukiwa ganda tupu. Mataruma yaliingia baadaye. Tanga lilikuwa la miaa, la pembe nne, tofauti kabisa na tanga la jahazi. Omo ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia, na pande zake zilichorwa macho. Mtepe ulivuja, na kufua maji ilikuwa kazi ya kila siku ya mabaharia wake. Lakini mwili wake ulijua kupinda, na chombo kinachopinda huweza kupwelewa juu ya mchanga, kikapakia boriti za mikoko katika vijito vya kina kifupi, kikaondoka na maji yakijaa.

Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa katika Periplo ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha mfanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya 1. Kwenye kuta za chokaa za Gedi na Kilwa kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu ambao hatujui kama walikuwa mabaharia au watoto wa mabaharia. Chombo kilichodumu hivyo, karne baada ya karne, kiliisha katika miaka ya 1930. Hakikuzamishwa na adui. Kiliisha kwa sababu misumari ya chuma ilikuwa rahisi, majahazi yalikuwa makubwa, na vijana hawakuwa na sababu ya kukaa chini na kujifunza mshono.

Kilichobaki ni picha chache, makala ya James Hornell ya mwaka 1941, maandishi ya A. H. J. Prins, kumbukumbu za wazee, na modeli. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Watu waliouona mtepe kwa macho yao waliunda mitepe midogo, na baadhi iliingia katika majumba ya makumbusho. Watafiti waliokuja baadaye, wakitaka kujua kamba ilipita wapi na kigingi kiliingia kwa upande gani, iliwabidi wainame juu ya vyombo hivyo vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa Zanzibar waliunda mtepe wa ukubwa kamili, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Tangu siku ile sioni tena kuwa chombo kidogo ni kivuli cha chombo kikubwa. Kuna nyakati chombo kidogo ndicho kinachobaki, na kubaki kwake ni bahati.

Mtepe mdogo unaweza kuundwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unapanga mataruma juu ya mkuku, unafunika kwa mbao, unachora mishono kwa kalamu. Ukiutazama kutoka hatua mbili, ni mtepe. Ya pili, unaanza na ubao wa kwanza, unautoboa, unaushona na wa pili, unavuta uzi mpaka kingo zikutane, na umbo la chombo linazaliwa mkononi mwako bila kiunzi cha kukuongoza. Kwa njia hii unaelewa, kwa vidole, kwa nini fundi wa Lamu alihitaji jicho kuliko rula. Uzi ukilegea mahali pamoja, ubao wa tatu unakataa kukaa. Hapa Mutshatsha hakuna minazi, kwa hiyo nashona kwa nyuzi za magunia nilizozilowesha na kuzisokota upya. Kinachonipa furaha ni kwamba katika nchi hii, ambapo tunalala na kuamka na madini, ambapo barabara, umeme, ugomvi wa mipaka na ada ya shule vyote vina harufu ya shaba na kobalti, mikono yangu inaweza kushinda siku nzima ikiunda chombo kisicho na punje ya chuma ndani yake.

Kutoka kwa mtepe nilijifunza kwamba chombo kinakaa kwenye maungo yake. Umbo linaonekana na kila mtu. Maungo yanajulikana na aliyeunda. Na somo hilo ndilo lililonipeleka kwenye chombo cha pili, ambacho nakiona kuwa chetu zaidi, ingawa kiliundwa Teddington, ukingoni mwa mto Thames.

Mwaka 1874 msafiri Henry Morton Stanley alimwagiza fundi James Messenger amtengenezee mashua itakayovuka Afrika. Ilikuwa ya mwerezi, urefu futi 40, upana futi 6, mbao zake hazifiki unene wa sentimita moja. Ilikuwa na mlingoti na tanga, na makasia. Upekee wake ulikuwa maungo: ilikatika vipande vitano, kila kimoja futi 8, vikiunganishwa kwa skrubu penye maji na kufunguliwa penye nchi kavu. Stanley aliipa jina la mchumba wake, Alice Pike, msichana wa Marekani, ambaye aliolewa na mwanamume mwingine wakati mashua yenye jina lake ingali safarini. Ilipofika Unguja vipande vilionekana vizito mno, na fundi wa meli aliyekuwapo kisiwani akavirekebisha ili vibebeke. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ulitoka Bagamoyo na watu zaidi ya 350. Mashua iliondoka baharini juu ya mabega.

Ilibebwa hadi Ziwa Viktoria, ikaungwa, ikalizunguka mwaka 1875. Ikafunguliwa, ikabebwa hadi Ujiji, ikaungwa, ikaizunguka Tanganyika katika Juni na Julai 1876. Ikafunguliwa tena, ikabebwa kupitia Manyema hadi Nyangwe, ikapenyezwa msituni, na mwezi Novemba 1876 ikaungwa kwenye maji ya Lualaba. Maji hayo yanatoka kwetu. Lualaba huanzia kusini ya Katanga, hupita Nzilo karibu na Kolwezi, mahali ambapo tangu miaka ya 1950 bwawa la umeme limeyazuia, huporomoka hadi Bukama, hutapakaa katika maziwa ya Upemba, hupita Kongolo na Kasongo, ndipo hufika Nyangwe. Mashua haikupanda mpaka huku juu. Lakini mtu akiitazama modeli yangu na kusema haina uhusiano na nchi hii, mimi humwonyesha mto.

Sasa nifike kwenye vipimo, kwa kuwa hapo ndipo kazi hii iliponifundisha kitu ambacho kitabu hakikunifundisha. Nimechagua kipimo cha moja kwa 24. Mashua nzima inakuwa kama nusu mita, kipande kimoja sentimita 10. Ubao wa mwili unatakiwa kuwa na unene usiofika nusu milimita. Mbao kama hizo hazipasuliwi kwa msumeno. Hutoka kwenye randa. Maranda marefu ya mulombwa, mti ambao Tanzania wanauita mninga, ndiyo mbao zangu: nayanyoosha yakiwa na unyevu, nayabana kati ya vioo viwili, na yakikauka nayakata kwa wembe. Ukiinua moja dirishani, mwanga unapenya na kuonyesha mishipa myekundu ya mti. Skrubu za maungo nazitoa kwenye waya wa shaba wa mota zilizoungua. Sitaki kulijenga jambo hilo likawa kubwa. Shaba hapa ndiyo kitu kilicho karibu na mkono.

Kisha nikamchonga mtu wa kwanza. Mwanamume wa kimo cha kawaida, kwa kipimo hicho, ni sentimita 7. Nilimsimamisha kando ya kipande cha mashua kilichokuwa mezani, sentimita 10. Kwa miaka nilikuwa nimesoma kwamba mashua ilibebwa kwa vipande, na neno "vipande" lilikuwa limenifanya nione vitu vidogo. Kipande kimoja kilikuwa kirefu kuliko mtu aliyekibeba. Kilikuwa na kingo, kilikuwa na tumbo pana, hakikuweza kukunjwa wala kupinda, na kilipaswa kupita kwenye njia ya msituni iliyokanyagwa na watu wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine. Ukiweka wanaume wawili wa sentimita 7 chini ya mti wa kubebea, kipande kikining'inia katikati, unaona mara moja kwamba wa nyuma haoni anakokanyaga. Hakuna ukurasa uliokuwa umenionyesha jambo hilo. Kilichonionyesha ni vipimo viwili vilivyokutana juu ya meza.

Wabebaji hao walikuwa nani? Stanley ameandika kuwahusu katika kitabu chake cha mwaka 1878, na ni lazima tukumbuke kwamba karibu kila tunachojua juu yao kimepita kwenye kalamu yake. Walikuwa wanaume wenye miili mikubwa, waliokuwa mahamali wa Unguja, waliozoea mizigo ya bandarini. Kila kipande kilikuwa na watu wanne, wawili wakibeba na wawili wakipumzika, wakipokezana. Mshahara wao ulizidi hata wa viongozi wa msafara, isipokuwa Manwa Sera aliyekuwa mkubwa wao wote. Walipewa posho maradufu. Na walikuwa na haki ambayo mimi naiona kubwa kuliko fedha: kwenda na wake zao.

Mashua ikiwa majini, aliyeshika usukani alikuwa Uledi. Kwenye maporomoko ya Kongo ya chini, mwaka 1877, Uledi aliruka majini mara nyingi kuwaokoa wenzake, na waliookolewa naye walikuwa wengi kiasi kwamba msafara mzima ulijua kuwa una deni kwake. Baadaye, katika njaa ya wiki zile, alikamatwa na shanga alizoiba. Shanga ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula. Wenzake walipoulizwa hukumu, walisema achapwe. Ndipo ndugu yake Shumari akajitoa apokee sehemu ya fimbo, na Saywa, binamu yake, naye akajitoa. Stanley aliwasamehe wote. Nakisoma kisa hicho mara kwa mara. Watu waliokuwa mifupa mitupu, mwaka wa tatu wa safari, bado walikuwa na baraza, bado walipima kosa na wema kwenye mizani moja, bado ndugu alisimama na ndugu.

Kuna wasomaji, hasa wa hapa Kongo, watakaoniuliza kwa nini nakitukuza chombo cha Stanley. Nawaelewa, na sipendi kulikwepa swali hilo. Mashua hii ilikuwapo kwenye mauaji ya Bumbire katika Ziwa Viktoria mwaka 1875. Ilishuka Lualaba kwa risasi, vijiji vya kingoni vikiona kitu kisichoeleweka kikija na maji. Nyangwe yenyewe, mahali ilipotokea, palikuwa soko la pembe na watumwa, na miaka mitano kabla, Julai 1871, Livingstone aliona hapo wanawake wa sokoni wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara kutoka pwani. Tippu Tip, aliyemsindikiza Stanley hadi mwisho wa Desemba 1876, alijenga himaya yake kwa biashara hiyohiyo. Na njia iliyofunguliwa na mashua ile ndiyo iliyomfikisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwenye Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, na tunajua gharama yake ililipwa na mikono ya nani. Hata Kiswahili tunachokisema Katanga kilikuja kwa njia zenye vumbi la aina hiyo: misafara, baraza la Mfalme Msiri huko Bunkeya, kisha kambi za wafanyakazi wa migodi.

Yote hayo yamo mezani pangu. Modeli ikionyesha mashua peke yake, safi, imepakwa vanishi, tanga juu, basi ndiyo, ni utukufu wa Stanley, na ningeichoma moto. Lakini mashua hii ina sura nyingine ambayo mwenye mashua hakukusudia. Sehemu kubwa ya safari yake haikugusa maji. Iliishi ikiwa imefunguliwa, juu ya mabega ya watu waliokuwa wakisema Kiswahili, wakiomba dua, wakigombana kuhusu posho, wakiuguza ndui na vidonda vya miguu. Nataka iundwe hivyo. Vipande vitano mbalimbali, mlingoti umefungwa pamoja na makasia, tanga limekunjwa, skrubu zimo mfukoni mwa mtu. Hili ndilo jibu ninalowapa watoto siku ninapokuwa na nafasi: maji yako mbali, na hawa ndio wanaoyaendea.

Wala isidhaniwe kwamba mashua za nchi kavu zilikwisha na Stanley. Mwaka 1915, katikati ya vita vya Wazungu, Waingereza walizitoa London mashua mbili za kivita za mota, Mimi na Toutou, kila moja futi 40 kama ile ya Stanley, ili zipambane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Zilipanda reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, ambayo leo ni mji wa jimbo letu, mahali ambapo malori ya madini yanapanga foleni. Hapo reli ikaisha. Zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mamia ya watu waliokata miti na kujenga madaraja; na matrekta yalipokosa maji, wanawake wa vijijini waliyaleta kwa vyungu vichwani. Zikafika Bukama, zikashuka Lualaba, zikapanda reli tena hadi ziwani mwezi Oktoba. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Vitabu na hadithi za sifa zimeandikwa juu ya Komanda Spicer-Simson, aliyeziongoza. Mashua hizo hazina tanga, kwa hiyo sitaziunda, ila nazitaja kwa ajili ya vyungu. Trekta moja la mvuke lingebaki hapo mlimani bila wanawake wale. Nimepita Fungurume mara nyingi, na sijaona hata jiwe moja linalowakumbuka.

Mwisho wa mashua ya Stanley ulikuwa mwishoni mwa Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila. Mto ulikuwa haupitiki tena na bahari ya Atlantiki ilikuwa karibu kwa miguu. Waliipandisha kwenye miamba, wakaiacha. Siku chache baadaye, tarehe 9 Agosti, waliobaki wakaingia Boma. Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyekuwa na Stanley, alikuwa amezama mwezi Juni. Kalulu, kijana aliyepata kutembezwa Uingereza, alikuwa amezama mwezi Machi. Wabebaji waliopona walirudishwa Unguja kwa meli, kwa kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika, na wakafika mwezi Novemba. Naifikiria safari hiyo ya kurudi. Miaka mitatu walikibeba chombo. Sasa chombo kiliwabeba wao.

Fundi mwenzangu mmoja, seremala wa mabehewa, alinishauri niionyeshe mashua ikiwa pale Isangila, juu ya mwamba, mbao zikipauka. Ingekuwa kazi nzuri kwa macho, nakubali, na mwamba mzuri wa kuchonga uko hapa karibu. Nimekataa. Mwisho huo ni wa mashua, na mimi naunda msafara. Nimechagua siku ambayo haimo kwenye ramani ya matukio: siku ya kawaida ya barabarani, katikati ya mchana, msafara ukiwa kati ya kambi mbili. Wanaume 20 wa sentimita 7. Kumi wako chini ya miti ya kubebea. Kumi wanatembea pembeni, kanzu zimefungwa kiunoni, mmoja anajikanda bega la kushoto kwa mkono wa kulia, kwa sababu mtu aliyetoka kushusha mzigo hufanya hivyo, na nimewaona wabeba magunia wa stesheni yetu wakifanya hivyo tangu utoto wangu. Sura sikuzichonga zifanane. Kila mmoja ana paji lake la uso na mwendo wake. Uledi namweka wa pili kutoka mbele, bila mzigo, akitazama nyuma kama vipande vyote vinafuata.

Na sasa niko kwenye wanawake. Hao ndio wagumu, maana mbebaji wa mashua ana kitu kimoja na miguu miwili, lakini mke wake ana jamvi lililoviringishwa, chungu, kibuyu cha maji, unga wa siku mbili, na wengine wana mtoto mgongoni. Chungu kwa kipimo cha moja kwa 24 ni kama punje ya hindi, na lazima kiwe na mdomo. Nachonga kwa sindano ya kushonea magunia iliyonolewa, asubuhi tu, kabla upepo wa kiangazi haujaleta vumbi la barabara ya Kolwezi ndani ya karakana. Nguo zao nazipaka rangi baada ya mti kukauka kabisa.